Kesi na benki imeingia mwaka wa sita: tuendelee au tulipe?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi Nakuru. Februari 2015 tulikopa shilingi milioni 6 kwa riba ya asilimia 18.5, za kulipwa kwa miaka sita, tukaweka rehani ploti yenye nyumba tunayoishi. Mwaka 2017 biashara ilidorora, wakandarasi wakakaa na hela zetu, na mwezi Agosti benki ikatupangia mkopo upya: ikaandika tunadaiwa milioni 5.1, riba asilimia 14, miaka mitano. Mara ya mwisho kulipa kikamilifu ilikuwa Juni 2018. Mwaka 2019 tulipeleka vipande vipande, jumla 600,000. Dalali alipotangaza mnada tulikimbilia Mahakama Kuu, na Oktoba 2019 tukapewa zuio la muda. Tangu hapo kesi ni kutajwa na kuahirishwa tu. Mei 2025 benki imesema deni limefika milioni 17.8, lakini wakili wake anasema tukilipa milioni 11 ndani ya siku 90 watafunga faili. Nyumba ilithaminiwa milioni 14 mwaka 2019. Wakili wetu anasema tusikubali, tutashinda. Mume wangu amechoka. Tuendelee au tulipe?

JIBU: Mama, barua yako ina tarehe nyingi, lakini tarehe moja ninayoihitaji kuliko zote haimo. Mkopo wenu ulihesabiwa kuwa chechefu siku gani? Sisemi siku mliyoanza kushindwa, wala siku dalali alipokuja. Nasema siku ile vitabu vya benki vyenyewe vilipouhamisha kutoka mikopo inayolipika kwenda mikopo iliyokwama. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya, mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa inavyopaswa, benki haina hiari, lazima iuhamishe. Nyinyi mlilipa Juni 2018, Julai mkakosa. Kwa hiyo natarajia tarehe hiyo iangukie Oktoba 2018, wiki moja mbele au nyuma.

Kwa nini naishikilia tarehe? Sheria ya Benki ya Kenya ina kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007. Mawakili hukiita kwa Kilatini, in duplum. Kinaiwekea benki kikomo cha fedha inazoweza kudai kwa mkopo uliokwama: deni la msingi kama lilivyokuwa siku mkopo ulipokuwa chechefu, kisha riba isiyozidi kiasi hicho hicho, kisha gharama za kufuatilia deni. Basi. Kesi ichukue miaka sita au kumi na sita, riba ya mkataba ikifika sawa na deni la msingi inasimama.

Sasa tupige hesabu. Milioni 5.1 kwa asilimia 14, miaka mitano, awamu yake kwa mwezi ni kama 118,700. Kama mlilipa awamu kumi, Septemba 2017 hadi Juni 2018, deni la msingi lilibaki karibu milioni 4.5. Mara mbili ya hapo ni milioni 9. Toa 600,000 mlizopeleka 2019, inabaki milioni 8.4 pamoja na gharama za ufuatiliaji ambazo benki itaweza kuzionyesha kwa risiti. Kwa hiyo milioni 11 wanazoziita punguzo zimezidi kikomo cha sheria kwa milioni 2.6. Labda wana ankara za mawakili na madalali za kufikia hapo. Mimi sijawahi kuona zikifika huko kwa mkopo wa ukubwa huu, lakini waambieni wazilete.

Nakuomba usiikimbilie hesabu hii ukaipeleka mahakamani kesho, maana ina mashimo mawili ambayo wakili wa benki atayaona kabla hajamaliza chai.

La kwanza ni zile 600,000. Kifungu hicho hicho kinasema mkopo ukiwa chechefu, mkopaji akaanza tena kulipa, kisha ukakwama tena, kikomo hupimwa tangu mara ya mwisho ulipokwama. Benki inaweza kudai kwamba mlipopeleka vipande 2019 mlikuwa mmeanza tena kulipa, hivyo saa ianze upya na deni la msingi liwe kubwa zaidi. Mimi naiona hoja dhaifu: kupeleka elfu hamsini huku unadaiwa mamia ya maelfu ya malimbikizo hakuutoi mkopo kwenye orodha ya chechefu. Lakini ni vizuri kuwa na stetimenti mkononi inayoonyesha kwamba mwaka mzima wa 2019 malimbikizo hayakushuka hata siku moja chini ya siku 90.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo watu wengi hulipita. Ile milioni 5.1 ilitoka wapi? Kwa ratiba ya mwanzo, mngelipa bila kukosa, Agosti 2017 mngebaki na deni la karibu milioni 4.3. Tofauti ni 800,000. Sehemu yake ni awamu mlizokosa, sawa. Na sehemu nyingine? Adhabu za kuchelewa, ada ya kupanga mkopo upya, bima, na riba juu ya riba. Vyote hivyo siku ile ya Agosti vilivuliwa nguo zao za zamani vikavishwa jina jipya: deni la msingi. Na kwa kuwa kikomo ni deni la msingi mara mbili, kila shilingi iliyoingizwa humo kwa ujanja huja kuhesabiwa karibu mara mbili. Adhabu ya laki tatu iliyofichwa kwenye milioni 5.1 inawagharimu kama laki sita mwishoni. Mlitia sahihi, najua. Kila mtu hutia sahihi, kwa sababu siku hiyo unaona umeokolewa.

Nilifanya kazi miaka tisa katika idara ya kurejesha mikopo ya benki moja kabla sijaingia uwakili, na nakiri kwamba fomu za kupanga mkopo upya nilizijaza mwenyewe. Ukurasa wa kiasi kipya tulikuwa tunauweka mbele. Mchanganuo wake ulikaa kwenye kompyuta, na kama mteja hakuuliza, hakuuona.

Kwa hiyo dai la kwanza la kuweka mahakamani, kama halimo kwenye hati yenu ya madai (na nina wasiwasi halimo, kwa sababu kesi nyingi za haraka za kuzuia mnada huandikwa usiku mmoja zikisema tu “notisi ni batili”), ni benki iamriwe kutoa hesabu kamili ya akaunti tangu Februari 2015. Hati inaweza kurekebishwa kwa ruhusa ya mahakama. Fanyeni hivyo sasa, kesi haijaanza kusikilizwa. Mashahidi wakishaanza kutoa ushahidi, jaji hatakuwa na subira nanyi.

Mkipata hesabu hizo, msizipitie kama unavyopitia risiti ya duka. Tafuteni riba. Kati ya tarehe 14 Septemba 2016 na Novemba 2019, sheria ya Kenya iliwawekea wakopeshaji paa: riba isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10.5 sheria ilipoanza, kikashuka hadi 10 siku chache baadaye, 9.5 mwezi Machi 2018, na 9 mwezi Julai 2018. Paa lilihusu mikopo mipya na iliyokuwepo. Maana yake ule mkopo wenu wa asilimia 18.5 ulitakiwa kushuka hadi 14.5 katikati ya Septemba 2016 na kuwa 14 kabla mwezi huo haujaisha, miezi kumi na moja kabla hamjapangiwa upya. Ulishuka? Na ile asilimia 14 ya mkataba wa Agosti 2017 ilitakiwa kuwa 13.5 tangu Machi 2018. Ilikuwa? Ukitazama jinsi milioni 4.5 ilivyogeuka 17.8 kwa miaka saba, hesabu yangu ya haraka inanionyesha mmetozwa si chini ya asilimia 20 kwa mwaka, ukijumlisha na adhabu. Benki itasema adhabu si riba. Hapo pana hoja ya kubishana, na ni hoja yenye uzito, maana miezi kumi na mitatu ya mwanzo ya deni lililokwama iliangukia ndani ya paa hilo.

Tazama pia mwisho wa mwaka 2015. Riba za Kenya zilipanda kwa kasi wakati ule, na wafanyabiashara wengi walipata barua ya aya mbili ikisema kuanzia mwezi ujao mkopo wako ni asilimia 21 au 23. Kama mliipata, itafuteni. Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya kampuni ya Santowels na benki ya Stanbic kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kinachozuia benki kupandisha tozo bila idhini ya Waziri, kinahusu riba pia. Benki kwa miaka mingi zilishikilia kwamba riba ni mambo ya mkataba kati yao na mteja, Waziri haingii. Uamuzi huo umewafunga mdomo. Waulizeni kwa maandishi, kupitia wakili: idhini ya kupandisha riba yetu iko wapi?

Sasa nije kwenye zuio, na hapa nitasema jambo litakalokunyima usingizi, afadhali ulisikie kwangu. Mnasema mna zuio tangu Oktoba 2019. Je, ni kweli bado mnalo? Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, Amri ya 40 kanuni ya 6, zinasema kesi isipoamuliwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu zuio litolewe, zuio hilo hufa lenyewe, isipokuwa mahakama iwe imeagiza vingine kwa sababu ya kutosha. Kama hakuna aliyeomba liongezwe, huenda mmelala miaka mitano chini ya mwavuli usio na kitambaa. Benki haikuja na dalali labda kwa sababu haikugundua, au ilikuwa na faili nyingine zenye nyama zaidi. Nenda na wakili wako kwenye masjala, msome amri ile neno kwa neno na kila agizo lililofuata. Kama limekufa, msipige kelele. Andaeni ombi jipya kimya kimya, lenye hesabu ndani.

Na hesabu hizo lazima zije na kitu kingine, kwa sababu mahakama zetu zimesema kwa miaka mingi kwamba kubishania kiasi cha deni pekee si sababu ya kumzuia mwenye rehani kuuza. Kipimo ni kile kile cha kesi ya Giella ya 1973: uonyeshe una hoja ya msingi, uonyeshe utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na jaji akiwa na shaka apime nani ataumia zaidi. Kwenye hicho cha pili ndipo wenye nyumba wengi huangukia. Jaji atakwambia “nyumba hii nimelelea watoto” ni maneno mazuri, lakini siku ulipoiweka rehani uliigeuza bidhaa yenye bei, na chenye bei hufidika. Kinachomlainisha jaji ni kumwona mdaiwa analipa kile asichokibishia, au anajitolea kukiweka mahakamani. Miaka sita hamjaweka hata senti. Sikulaumu, lakini ndivyo faili lenu litakavyosomeka.

Notisi nazo mzikague, ingawa msizitegemee sana. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi ya kwanza ya miezi mitatu inayotaja kosa, kiasi na haki yenu ya kwenda mahakamani. Kisha notisi ya kuuza ya siku 40, yenye nakala kwa mwenzi na wadhamini. Kisha dalali atoe yake ya siku 45. Benki ikikosea moja, mnada unasimama. Lakini ikikosea inarudi nyuma, inaanza upya, na baada ya miezi sita dalali yuko getini tena akiwa na makaratasi safi. Mnapata muda tu, na muda kwenye mkopo ambao haujafika kikomo ni riba. Kwa kuwa mume wako alisaini na wewe ulisaini, hoja ya idhini ya mwenzi haipo.

Wakili wenu anaposema mtashinda, mwulizeni swali hili bila ukali: tukishinda kila kitu, tutabaki tunadaiwa ngapi? Nimejaribu kukupa jibu hapo juu. Mkishinda vyote, pengine ni kati ya milioni 7 na 8.4. Deni halifutiki. Hamkatai kwamba mlikopa. Mkishindwa, kuna gharama za kesi za upande wa pili, na kuna jambo ambalo wachache hulikumbuka: kikomo cha in duplum hakizuii riba inayotokana na amri ya mahakama yenyewe. Siku hukumu ikisomwa saa inaanza kugonga upya.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba msilipe milioni 11, na kesi msiiendeshe kama mnavyoiendesha. Wekeni mezani pendekezo lenu.

Hapa nikurudishe ndani ya ile idara niliyofanyia kazi, kwa sababu mtu wa nje hudhani benki inapolegeza milioni sita inaumwa. Haiumwi. Mkopo ukiwa chechefu, kanuni za Benki Kuu haziiruhusu benki kuihesabu riba yake kama mapato. Huwekwa pembeni kwenye akaunti ya riba iliyosimamishwa. Na deni lenyewe hutengewa fungu la hasara mwaka baada ya mwaka. Mkopo wenu, uliokaa tangu 2018, kwenye vitabu huenda umeshazikwa kitambo. Riba ile ya milioni kadhaa haijawahi kuwa faida ya mtu yeyote, kwa hiyo kuifuta hakumwondolei mtu bonasi. Kinyume chake, kila shilingi taslimu inayoingia kutoka kwenye mkopo uliozikwa ni faida safi ya mwaka huo, na ofisa anayeshughulikia faili lenu anapimwa kwa hizo shilingi. Mwaka wa hesabu wa benki zetu unafungwa tarehe 31 Desemba. Sisi tulikuwa wagumu Februari, na Novemba tulikuwa marafiki wa kila mtu. Siku 90 tangu Mei zinaisha Agosti, usitetemeshwe nazo. Ombeni mchanganuo, jibizaneni barua, na mfike Oktoba mkiwa na ofa yenye fedha inayoonekana.

Ningeanzia milioni 6.8, nikiambatisha hesabu ya in duplum na maswali ya riba, na moyoni nikijua nitafika 8.4. Barua iandikwe wazi juu yake kwamba ni ya mapatano, bila kuathiri haki za upande wowote, ili isije kusomwa mbele ya jaji kama kukiri. Fedha mtatoa wapi, hukuniambia. Kama ni ploti, basi uzeni wenyewe, kwa ridhaa ya benki, mnunuzi akilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Uthamini wa 2019 hauna maana tena, na hata dalali kisheria hawezi kuutumia, wa kwake lazima usizidi miezi 12. Mkiuza kwa hiari mtapata bei ya soko. Mnadani, sheria inaanza kuishuku benki pale tu bei inapokuwa chini ya bei ya soko kwa robo au zaidi. Kwa nyumba ya milioni 14 hiyo ni 10.5, na hata ikiuzwa chini ya hapo, mnunuzi asiye na hatia analindwa, nyumba hamrudishiwi, mtabaki mnadai fidia. Kesi nyingine ya miaka sita.

Ulizeni pia kama faili linaweza kupelekwa kwenye upatanishi wa mahakama, ule ulioanza kwa majaribio Milimani, Nairobi, mwaka 2016. Hauna gharama kubwa, na unamtoa kwenye kiti chake mtu wa benki mwenye mamlaka ya kukubali. Kwa wakili wa nje mnabishana na mjumbe.

Mkikubaliana, someni kifungu kimoja kabla ya vingine vyote: kile kinachoeleza itakuwaje mkichelewa. Benki hupenda kuandika kwamba ukikosa awamu moja hata kwa siku moja, deni lote la zamani, yaani milioni 17.8, linarudi na hamna ruhusa ya kulipinga. Mkisaini hivyo na ikawa amri ya mahakama kwa ridhaa yenu, hoja zote nilizokuandikia hapa zimekwisha, in duplum ikiwemo, na kuitengua ni kazi ya kuthibitisha ulaghai au kosa kubwa. Nilikuwa na wateja, mke na mume wenye kinu cha kusaga, waliochelewa siku nne kwa sababu mnunuzi wa gari lao alikwama kwenye msiba. Andikeni badala yake kwamba mkichelewa mtapewa siku 30, na mkishindwa deni litakuwa kile kikomo cha kisheria, si zaidi. Muandike pia siku ambayo rehani itaondolewa na hati kurudi mikononi mwenu, kila upande ubebe gharama zake za kesi, na benki irekebishe taarifa zenu kwenye kumbukumbu za mikopo, la sivyo mtamaliza deni na msiweze kukopa hata pikipiki.

Wakili wenu msimfukuze. Mpeni hesabu hizi, mumwombe maoni yake kwa maandishi, kurasa mbili zinatosha. Mtu hubadilika akijua maneno yake yatahifadhiwa.

Kesho asubuhi, masjala, kuhusu zuio. Keshokutwa, barua ya kuomba stetimenti. Ikifika, usinitumie zote. Nitumie kurasa za Julai hadi Desemba 2018 pamoja na ukurasa wa Agosti 2017, nami nitakwambia tarehe ni ipi.